Simu imeandikwa California na China: kampuni yenyewe iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Masasi, karibu na stendi. Juzi mteja alileta iPhone 7, akaniuliza maana ya maandishi ya mgongoni, kwamba imebuniwa na Apple California na imeunganishwa China. "Sasa hii kampuni ni ya wapi?" Nikasema ya Marekani. Akasema mbona imetengenezwa China. Tukabishana mpaka nikamaliza kazi. Kuna jambo linaloniuma zaidi: nimebadilisha kioo cha iPhone 12, kioo orijino kabisa nilichokitoa kwenye simu nyingine, na bado simu inaandika kwamba haiwezi kukithibitisha. Mteja ananiona tapeli. Ni nani hasa huyo anayenikatalia akiwa mbali vile? Halafu tunasikia Ruangwa kuna kinywe (grafiti) cha kutengenezea betri. Sisi wa kusini tumo wapi kwenye biashara hii?

JIBU: Marahaba, fundi. Umeuliza matatu, lakini nitayajibu pamoja, kwa sababu anayekukatalia kioo ndiye huyohuyo aliyepanga simu iunganishwe China, na ana sauti pia kwenye bei ya madini ambayo hajawahi kuyashika.

Tuanze na hesabu ya watu. Mwezi Septemba 2024 Apple ilikuwa na waajiriwa wapatao 164,000 duniani kote, ukichanganya na wanaouza madukani mwake. Kiwanda kimoja tu cha mjini Zhengzhou, China, msimu wa simu mpya unapokaribia, huwa na wafanyakazi zaidi ya 200,000. Mahali hapo pamezoeleka kuitwa Mji wa iPhone. Lakini watu hao si waajiriwa wa Apple. Wameajiriwa na Foxconn, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa na Terry Gou mwaka 1974, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza vitufe vya plastiki vya televisheni. Kwa hiyo kwenye ubishi wenu hakuna aliyekosea: kampuni ni ya Marekani, na mikono iliyokaza zile skrubu ndogo unazozipoteza kila siku mezani ni ya mwajiriwa wa Mtaiwani aliyeko China.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Apple ilianzishwa mwaka 1976, na ilikuwa na viwanda vyake yenyewe, kikiwemo kimoja Fremont huko California na kingine Cork, Ireland, kilichofunguliwa mwaka 1980. Mwaka 1998 Steve Jobs alimwajiri Tim Cook asimamie shughuli za uzalishaji. Cook aliuona mzigo ulioko ghalani kama mchuuzi wa feri anavyowaona samaki saa nane mchana: kila saa inayopita ni hasara. Akafunga maghala, akapunguza idadi ya wanaouza vipuri kwa kampuni, akaacha kazi ya kiwandani ifanywe na wengine. Mzigo uliokuwa ukilala mwezi mzima ukawa unalala siku chache. Mwaka 2011 ndiye aliyekabidhiwa kampuni nzima, na hilo peke yake linakueleza walichokithamini.

Sasa ifungue ile simu kwa macho ya ugavi badala ya bisibisi. Prosesa, yaani ubongo wa simu, imechorwa na wahandisi wa Apple, walioko California na baadhi yao Israel, juu ya msingi wa maelekezo unaokodishwa na kampuni ya Arm ya Cambridge, Uingereza. Mchoro unapelekwa Taiwan, kwa TSMC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa wazo lililoonekana la ajabu wakati ule, la kuwa na kiwanda cha chipu kisichokuwa na chipu yake, kinachotengeneza za wengine tu. Mashine kubwa zinazochapa ile michoro midogo kupita kiasi zinatoka Veldhoven, Uholanzi, kwa ASML, na kwa chipu za kisasa kabisa hakuna mwingine duniani anayezitengeneza. Jicho la kamera ni la Sony, Japani. Vioo vya aina ya kile cha iPhone 12 vinatoka hasa Korea Kusini kwa Samsung, na kioo cha juu kinachozuia michubuko kimetengenezwa na Corning, kwenye kiwanda chao cha Kentucky. Vyote hivyo vinakutana Zhengzhou, na siku hizi pia kusini mwa India, ambako kazi ilianza mwaka 2017 kwa kiasi kidogo na inaongezeka kila mwaka.

Utauliza, kama viwanda vyote ni vya watu, Apple ina nini? Hapa nikupeleke nyumbani. Mnunuzi mkubwa wa korosho hana mkorosho hata mmoja. Hajawahi kupalilia, hajui harufu ya salfa inayopulizwa mikorosho ikianza kutoa maua. Lakini anajua korosho ya daraja gani inatakiwa wapi na kwa bei gani, na ana fedha ya kungoja. Mkulima ana mti, chama cha msingi kina ghala, mwenye lori ana lori, na wote wanamsubiri yeye mnadani. Apple imekaa kwenye kiti hicho, ila imekwenda mbali zaidi, maana mnunuzi wa korosho hana uwezo wa kumwambia mkulima atumie jembe gani. Apple inao. Mashine nyingi zilizomo kwenye viwanda vya watu ni mali ya Apple. Wahandisi wake wanaingia humo, wanakaa wiki na miezi, wanaamua gundi ikauke kwa dakika ngapi. Na kila inapowezekana kipuri kinanunuliwa kwa watu wawili au watatu, ili asiwepo muuzaji mmoja wa kuweza kusema leo napandisha bei. Palipo na mmoja tu, kama TSMC kwenye prosesa, Apple inakuwa mpole kidogo, na hapo ndipo utaona nguvu yake inakoma.

Fedha inafuata kiti hichohicho. Watafiti watatu wa Marekani, Kraemer, Linden na Dedrick, waliichambua iPhone 4 ya mwaka 2010 kipande kwa kipande. Kwa bei ya kuuzia, asilimia 58.5 ilibaki Apple kama faida. Malipo ya vibarua wa China yalikuwa asilimia 1.8. Igeuze iwe simu ya shilingi milioni moja: shilingi 585,000 kwa mwenye jina, shilingi 18,000 kwa wote walioiunganisha kwa mikono huko China. Nikutahadharishe usiibebe namba hiyo vibaya kijiweni. Simu ile ni ya zamani, na hiyo 585,000 ni kabla ya kulipa wahandisi, matangazo, maduka na kodi. Ila umbo lake ndilo ninalotaka ulione.

Halafu kuna fedha inayoingia baada ya simu kuuzwa. Duka la programu lilifunguliwa Julai 2008, na sharti likawa kwamba anayeuza programu humo anakatwa asilimia 30. Wadogo wamepunguziwa mpaka 15 tangu mwaka 2021. Ukijumlisha na nafasi ya kuhifadhia picha, muziki na mengineyo, mwaka wa fedha wa 2024 mapato ya huduma yalizidi dola bilioni 96, katika jumla ya dola bilioni 391. Ni karibu robo, na ndiyo robo yenye faida nono, kwa sababu haina kontena wala skrubu.

Nije kwenye ofisi. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kazi ya nyaraka za meli hapa bandarini Mtwara. Kitu cha kwanza kilichonishangaza nikiwa mgeni ni kuona korosho zinakwenda Vietnam, wakati ankara inakwenda Singapore. Nikamuuliza mzee niliyemkuta pale kama kuna kosa. Akacheka, akaniambia mzigo una njia yake na karatasi ina njia yake. Ukiikumbuka kauli hiyo, habari ya Ireland haitakusumbua.

Kwa miaka mingi simu iliyouzwa Ulaya, na hata Afrika, ilihesabiwa kuwa imeuzwa na kampuni tanzu za Apple zilizosajiliwa Ireland. Simu yenyewe haikupita Ireland. Iliyopita ni karatasi. Tume ya Umoja wa Ulaya ilipochunguza, ikasema sehemu kubwa ya faida hiyo iliandikwa kwa "makao makuu" yasiyokuwa na wafanyakazi wala jengo, na kwamba mwaka 2014 kodi iliyolipwa ilishuka mpaka euro 50 kwa kila euro milioni moja ya faida. Agosti 2016 ikaamuru Ireland idai euro bilioni 13. Hapo ndipo penye kichekesho: Ireland ilikataa. Ilikata rufaa pamoja na mdaiwa wake! Iliogopa kwamba ikionekana kugeuka, makampuni mengine yaliyojenga kwake yatafungasha. Apple nayo ilisema imefuata sheria, na kwamba thamani ya bidhaa zake inazaliwa kwa wahandisi walioko Marekani, kwa hiyo kodi yake ni ya huko. Mwaka 2020 mahakama ya chini ya Ulaya ikawapa ushindi. Tarehe 10 Septemba 2024 mahakama ya juu ikaugeuza, na fedha ikalipwa kwa serikali ambayo haikuitaka.

Kwetu ukubwa ni mwingine ila fundo ni lilelile: unamtozaje kodi mtu ambaye hana hata meza Dar es Salaam? Mwaka 2022 Bunge letu lilipitisha kodi ya asilimia 2 kwenye mapato ya huduma za kidijitali za makampuni yasiyo na makazi nchini, na utaratibu wa makampuni hayo kujisajili kwa ajili ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) bila kuwa na ofisi. Mimi naiona asilimia 2 kuwa ndogo, lakini ni ndogo inayokusanyika. Mzigo wa VAT utaubeba mteja, hilo tusidanganyane.

Basi nani anakukatalia kioo? Kila kioo, betri na kamera ya simu hizi ina namba yake, na namba hiyo imefungwa pamoja na bodi ya simu ilipozaliwa kiwandani. Ukiweka kioo kingine, hata kiwe cha Apple chenyewe, simu inaona namba ngeni na inaandika ujumbe. Nadhani unakumbuka mwaka 2021 iPhone 13 zilipotoka: ukibadilisha kioo, utambuzi wa uso unakufa, na mafundi wakawa wanakesha na hadubini wakihamisha chipu ndogo kutoka kioo cha zamani kwenda kipya. Kelele zilipozidi, Apple ikaondoa adhabu hiyo kwa toleo la programu la 15.2. Angalia ilivyofanyika. Hakuna kipuri kilichobadilishwa wala fundi aliyefundishwa. Watu wachache California walibadilisha mistari ya programu, na kazi iliyokuwa inamchukua fundi saa mbili ikawa ya dakika ishirini, Masasi na Mumbai kwa siku moja. Huo ndio umiliki wa kweli wa kampuni ya aina hii. Simu ni ya mteja wako, lakini ruhusa ya kioo kukubalika imebaki kwao.

Wao wanasema ni kwa ajili ya usalama na kuvunja soko la wezi wanaozibomoa simu kwa vipuri. Kwenye utambuzi wa uso nawakubalia. Asiyejulikana akibadilisha jicho linalofungua benki yako, ni haki simu ishtuke. Kwenye betri sikubaliani nao hata kidogo. Wabunge wa jimbo la Oregon, Marekani, nao hawakukubaliana: Machi 2024 walipitisha sheria inayokataza kutumia ufungaji huo wa namba kuzuia kipuri kisifanye kazi, kwa vifaa vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2025. Nawe utanufaika, maana ni ghali kutengeneza programu ya Oregon peke yake. Mwaka huohuo, kwa toleo la 18, Apple ilileta msaidizi wa matengenezo ndani ya simu, unaoruhusu kioo orijino kilichotumika kusajiliwa upya kwenye iPhone 12 na zilizofuata. Nitarudi hapo.

Kabla ya Ruangwa, sina budi kutaja madhara, kwa sababu mpangilio wa kuwatumia wengine una faida moja ambayo haiandikwi kwenye matangazo: lawama inachelewa kufika juu. Mwaka 2010 vijana kadhaa wa kiwanda cha Foxconn mjini Shenzhen walijirusha kutoka kwenye mabweni. Foxconn ikafunga nyavu kuzunguka majengo na ikapandisha mishahara. Januari 2012 Apple ikachapisha kwa mara ya kwanza orodha ya wanaoiuzia vipuri, mbali na ripoti za ukaguzi ilizokuwa ikizitoa kila mwaka tangu 2007. Sisemi hazisaidii. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2022, wakati wa korona, dunia iliona video za wafanyakazi wa Zhengzhou wakiruka uzio na kutembea barabarani na mabegi yao, na wiki chache baadaye wengine wakipambana na polisi wakidai marupurupu waliyoahidiwa. Apple ikatangaza simu zitachelewa. Mteja wa Ulaya akaambiwa asubiri. Yule wa uzioni hakuwa na wa kumwambia.

Kongo ni hivyohivyo. Mwaka 2019 familia za watoto waliokufa au kuumia kwenye machimbo ya kobalti ziliishtaki Apple pamoja na Dell, Microsoft, Tesla na Alphabet, wenye Google. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ilitupa kesi. Kiini cha hoja yake kilikuwa kwamba kununua kitu kupitia mnyororo mrefu wa watu wa kati hakukufanyi uwe mshirika wa aliyechimba. Mnyororo ukiwa mrefu vya kutosha, unakuwa ngao. Apple nayo iliweka lengo la betri zake kutumia kobalti iliyorejelezwa tu ifikapo 2025, jambo zuri kwa jina lake, lakini mchimbaji wa Kolwezi, huko Kongo, hakupewa mazingira bora. Ameondolewa sokoni.

Sasa kinywe. Kila betri ya simu unayoibadilisha ina kinywe kwenye upande wake hasi, na kwa uzito kinaizidi lithiamu. Kwa hiyo habari ya Ruangwa si porojo. Lakini usimwambie mteja kwamba kinywe cha Ruangwa kimo kwenye simu yake. Betri nyingi za simu hutumia kinywe cha kutengenezwa kiwandani, na kile cha kuchimbwa hakiwezi kuingia kwenye betri kikiwa kama kilivyotoka shimoni. Kinatakiwa kusafishwa mpaka usafi wa asilimia 99.95, kuviringwa kuwa punje, kisha kupakwa tabaka jembamba la kaboni. Hatua hizo karibu zote duniani zinafanyika China. Ndiyo maana Desemba 2023 China ilipoanza kudai kibali kwa kila shehena ya kinywe hicho, wenye viwanda vya betri kila mahali walihangaika, wakiwemo wenye migodi nyuma ya nyumba zao.

Umeiona korosho tena, nadhani. Tulijengewa viwanda vya kubangua kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, vikasimama, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi. Ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza kwa mnada kupitia ghala, bei ikaeleweka, na kangomba, wale wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo, wakapata shida kidogo. Ushindi huo ulikuwa wa bei ya ghafi. Kwenye kinywe, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 ndani ya mgodi bila kuzilipia. Ni vizuri, lakini ni hisa za shimo. Fedha nyingi iko kwenye kusafisha na kuviringa, ambako kunahitaji umeme usiokatika, tindikali, na mnunuzi aliyesaini mkataba wa miaka kabla hujanunua mashine. Gesi ya Mnazi Bay iko jirani, kwa hiyo umeme hauwezi kuwa kisingizio cha milele. Kigumu ni mnunuzi. Yeye hutuma sampuli maabara, anazijaribu kwa miezi mingi, kisha anaamua. Ukisikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba kiwanda cha betri kinakuja, uliza jina la aliyesaini kununua. Wakikosa jina, bado ni maneno.

Nirudi kwenye ile iPhone 12. Kama kioo ni orijino kama unavyosema, hakikisha simu ina toleo la 18 au la juu zaidi, iunganishe na intaneti yenye nguvu, kisha fungua mipangilio kwenye ukurasa wenye namba ya utambulisho wa simu (serial) na jina la modeli. Utaona historia ya vipuri, na hapo kuna kitufe cha kumalizia matengenezo. Ikikubali, ujumbe utabadilika na kusema kipuri kilishatumika, na huo unaweza kumwonyesha mteja bila aibu. Ikikataa, sababu kubwa ni mbili. Ama kioo ni kopi nzuri iliyokupiga chenga, ama simu ulikokitoa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na hapo nenosiri la yule mwenyewe ndilo linalotakiwa. Kama ulinunua mzoga wake kwa mtu usiyemjua, kirudishe kwake, na uombe fedha yako kabla hajahama stendi.